Tabaka la Tano

Kwa maelezo ya jirani wa nyumba ya pili, mama ambaye macho yake hayajawahi kwenda likizo, Jumanne saa kumi na moja jioni Vidole alikuwa saluni. Amekalia kiti cha wateja, amefumba macho, na mwenye saluni anamkanda mabega. Sasa kipara kile, jirani akauliza, kilifuata nini saluni?

Mke wa Vidole alimsikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye cherehani yake. Kisha akamjibu kwa upole kwamba Jumanne saa hiyo mumewe alikuwa chumbani anapiga kinanda, mlango kaufunga kwa ndani, na yeye mwenyewe alimsikia kwa masikio yake yote mawili. Jirani akajiondokea, kajishika kiuno.

Vidole aliposimuliwa habari hizi alicheka mpaka chai ikampalia. Mke wa kuamini namna hii, aliwaza, hata ukimtafuta kwa tochi humpati.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha umeme, chembamba kama ubao wa kupigia pasi, na kitufe chekundu cha kurekodia mzunguko. Unapiga besi, kinanda kinaishika na kuirudia bila kuchoka. Juu ya besi unaweka ngoma. Juu ya ngoma, gitaa. Juu ya gitaa, filimbi. Matabaka manne, mtu mmoja, na mtaa mzima unadhani umepata bendi. Msanii wa kawaida angebaki hapo ajisikilize. Vidole, ambaye usanii wake ulikuwa umevuka mipaka, aliacha mzunguko unazunguka, akapita dirisha la nyuma. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa fupi kwelikweli: hatua sita mpaka uchochoroni.

Siku moja mkewe, aliyeishia darasa la saba, alimwomba amweleze hicho kitu kinavyofanya kazi. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemsomea mbuzi kalenda.

"Na ukikosea, mume wangu?"

"Kosa linaingia humohumo. Kila mzunguko linarudi palepale."

"Kumbe. Maana binadamu hukosea leo hapa, kesho pale."

"Kinanda si binadamu, mke wangu."

"Ni kweli," alisema mke, akakata uzi kwa meno.

Ijumaa saa kumi Vidole alifunga mlango, akapanga matabaka yake manne, akaruka dirisha. Uani alikuta begi kubwa la safari limeanikwa juani, mdomo wazi. Mkewe alikuwa amelalamika asubuhi kwamba linanuka uvundo. Alifurahi. Mwanamke msafi ni neema ya nyumba. Kutoka barazani cherehani ilikuwa ikinguruma kama kawaida.

Alirudi saa kumi na mbili kasorobo, ananukia mafuta ya nywele asizokuwa nazo. Begi halikuwepo tena uani. Akamsifu mkewe kimoyomoyo kwa kuliingiza kabla ya umande. Akasukuma dirisha.

Dirisha likakataa. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, na pazia limevutwa.

Ndani muziki ulikuwa unaendelea. Besi yake, ngoma yake, gitaa lake, filimbi yake. Na juu ya yote hayo, kitu ambacho hakukiweka yeye: kidole kimoja, kinagusa sauti moja moja, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Karibu na mwisho kikajikwaa, kikasita, kikamalizia.

Vidole akatega sikio upande wa baraza. Cherehani kimya. Jasho likamtoka mpaka kiparani. Kuzungukia mbele haikuwezekana, maana jirani alikuwa amekaa huko na macho yake.

Akaweka mdomo kwenye ufa wa dirisha.

"Mke wangu. Najua uko humo. Nakusikia."

Kidole kikaenda, kikajikwaa, kikamalizia.

Akakumbuka kwamba sifa hulainisha hata ngozi ya ngoma. Akamwambia anapiga vizuri, kwamba hakujua ana kipaji, kwamba wawili wao wangeweza hata kupiga pamoja. Akamwambia mambo ya saluni ni maneno ya watu. Baadaye kidogo akamwambia si maneno ya watu, lakini yamekwisha, tena yamekwisha leo hii hii.

"Na hapo unapokosea," akaongeza, "usijali. Nitakufundisha mwenyewe."

Kidole kikajikwaa palepale.

"Mama, nifungulie tuongee. Jua linazama."

Besi, ngoma, gitaa, filimbi. Kidole kikaja, kikajikwaa palepale.

"Nifungulie, mke wangu."

Palepale.