Mguu wa Korongo

Zamani, ndege walipokuwa wakijenga viota chini ya mnyapara, Mnana alikuwa fundi mwenye wasiwasi kupita wote. Kila fundo alilolifunga alilifungua tena, ahakikishe kama kweli amelifunga. Mvua zilikaribia, mkewe akawa karibu kutaga, na kiota bado kilikuwa majani matatu yanayoning'inia. Aliyemtia hofu zaidi ni mnyapara mwenyewe, Korongo, aliyekuja kila asubuhi akasimama kwa mguu mmoja, kimya, akimtazama.

"Mume wangu, nenda kamweleze," mkewe akamwambia. "Akikufukuza, angalau utapata usingizi."

Mnana akaenda. "Mzee, kazi naiweza. Kinachonishinda ni huu woga."

Korongo akaushusha taratibu ule mguu aliouficha siku zote. Ulikuwa ukitetemeka kama unyasi.

"Woga huo hunianza kila asubuhi kabla ya ukaguzi," akasema. "Kesho pitia kwangu kwanza, tutetemeke pamoja mpaka tuchoke. Halafu kafunge mafundo yako, na ukishayafunga, yaache."

Kiota kilikamilika kabla ya mvua. Korongo alikuja kukikagua, akasimama mbele ya mafundi wote kwa miguu miwili.