Kisanduku cha Bia Kilichofungwa Mkanda

"Kilo sitini na moja," Trevor wa kampuni ya bima alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Kiti cha abiria cha pikapu kina kipimo cha uzito, kimepima chenyewe, mama. Na mkanda ulikuwa umefungwa."

"Ni kisanduku cha bia," Colleen alijibu. "Neville hukifunga mkanda kisipinduke. Hapa Dubbo nani hafanyi hivyo?"

"Hata mimi hufanya. Ila hicho cha mumeo kinamshinda mke wangu kwa kilo."

Jumapili jioni kangaruu alikatiza barabara, pikapu aliyoiendesha Neville ikaingia mtaroni, mifuko yote miwili ya hewa ikafumuka. Colleen ndiye aliyeinunua pikapu ile. Bima ina jina lake, na fomu aliijaza mwenyewe kama Neville alivyomsimulia: kwamba Neville alikuwa peke yake, yeye na bia zake. Sasa kampuni haitoi hata senti mpaka ijue nani alikaa pale.

Na Colleen alitaka kujua kuliko hiyo kampuni. Aliona wivu. Kilo sitini na moja, jamani. Yeye ana themanini, na kiti kile alikichagua yeye, kwa rangi aipendayo yeye. Miaka mitatu anampikia bwana yule, anamfulia soksi, kumbe kuna kimbaumbau fulani anapanda gari lake Jumapili, siku ambayo Neville humwambia anakwenda kuvua samaki.

"Ni mwanamke?" aliuliza.

"Ndiyo. Asubuhi nilimbana Neville kwenye simu, akakubali. Abiria yuko njiani. Akishaandika maelezo yake, tunalipa yote."

"Mwache aje," Colleen alisema. "Nimwone uso mwizi huyo."

Haukupita muda mrefu, mlango wa ofisi ukafunguliwa. Aliingia mwanamke wa makamo, mwembamba, shingo imefungwa kola ya hospitali. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akavaa miwani, akaanza kujaza fomu polepole huku Colleen akichungulia bila haya. Jina: Rhonda Tuckwell. Uhusiano na dereva: mke, miaka ishirini na sita.

Trevor aliisoma mara mbili. Kisha akaitoa ile fomu ya kwanza, akamsogezea Colleen pamoja na kalamu.

"Mama, na wewe hapa uliacha wazi," alisema. "Uhusiano na dereva?"