Mama wa Kuni

Teresia alitua mzigo wa kuni mlangoni kwa katekista, kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miaka saba, na mtoto aliyemzaa mwenyewe akatoka kumpokea.

"Pole na mzigo, mama wa kuni," alisema Nesta.

"Asante, mwanangu."

Neno hilo hakukatazwa, kwa kuwa Unyiha kila mwanamke mzima humwita hivyo mtoto wa mwenzake. Alimtazama kidogo, akashika njia ya kanisani. Hakuumia. Zamani njia hiyo ilimuumiza; sasa moyo ulikuwa umekufa ganzi, naye aliishukuru ganzi hiyo.

Kijijini walishachoka kumsema. Waliyasema yote mwaka ule wa 1931, alipomwachisha mtoto ziwa na, badala ya kumpeleka kwa bibi yake kama ilivyo desturi, akamfunga mgongoni, akavuka kijito na kumkabidhi kwa Mwalimu Damiano, katekista wa kigango, na mkewe Anastazia. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ana roho mbaya tu. Yonasi, mumewe, aliporudi kutoka kuchimba dhahabu Lupa, aliuliza mara moja kwa nini mtoto yuko kwa watu. Teresia akainamisha kichwa. Yonasi alifungasha, akahamia Mlowo kwa mwanamke mwingine, na hakuna aliyemlaumu.

Angejibu nini? Jambo la maungamo halisimuliwi.

Ndoa yao ilikuwa imekaa miaka sita bila mtoto. Mama mkwe akampeleka kwa mganga, na Teresia, mbatizwa mwenye medali shingoni, akanywa dawa na kuchinja kuku mweupe kwa mizimu ya ukoo. Mwaka uliofuata akazaa. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na kila alipomnyonyesha aliogopa. Mwishowe alipiga moyo konde, akaenda kuungama.

Padri alikuwa mgeni wakati huo, ndevu zake bado nyeusi. Alifika kigangoni mara mbili kwa mwaka kutoka misheni. Kiswahili alikijua cha kitabuni. Teresia alijua Kinyiha tu. Basi aliungama kama wenzake wote walivyoungama: Padri kwenye kigoda, yeye amepiga magoti, na Mwalimu Damiano katikati akigeuza maneno huku na huku. Mwalimu alikuwa ameapa mbele ya altare kwamba hatatoa siri, na kwa kweli hakuitoa.

Malipizi, yaani kitubio cha kulipia dhambi, yalimjia kwa sauti ya Mwalimu, pole pole, apate kuelewa. Mtoto aliyepatikana kwa dawa ya mganga alelewe katika nyumba ya dini mpaka atakapopokea Komunyo ya kwanza. Asimwambie mtoto kuwa yeye ndiye mama yake. Asimweleze mtu yeyote, hata mumewe, la sivyo dhambi itamrudia mtoto.

Nyumba ya dini pale kijijini ilikuwa moja. Anastazia, ambaye hakuwa na mtoto, alimpokea kwa mikono miwili, na Teresia akajituliza kwamba angalau atapendwa. Wazo la kuni lilikuwa lake mwenyewe. Hakuna aliyesema mtu asipeleke kuni.

Kila Padri alipokuja, Teresia aliungama na kuuliza kama imetosha, na kila mara Mwalimu alimletea jibu lile lile: bado. Hakunung'unika. Machozi yalimkauka mwaka wa pili, na tangu hapo alilima, alipika, alikula peke yake, akahesabu mvua za kila mwaka.

Kesho Nesta angepokea Komunyo ya kwanza.

Teresia alikuwa amesuka mkeka mdogo na kusiliba upya kile chumba cha nyuma. Juzi Mwalimu alimwambia asiwe na haraka, yeye atamuulizia kwa Padri. Lakini safari hii Padri, ndevu sasa zimeingia mvi, alitangaza kuwa Kinyiha chake kimetosha. Atasikiliza maungamo peke yake, Mwalimu apumzike.

Mwalimu hakupumzika. Alisimama mlangoni mwa kanisa, ametota jasho, ingawa baridi ya Juni ilikuwa inauma.

"Mama Teresia," alisema kwa sauti ya chini, "usimchoshe Padri kwa mambo ya zamani."

Teresia alimwitikia kwa adabu, akapita.

Alipiga magoti. Alitaja dhambi zake, chache na ndogo, na Padri akaitikia kila moja kwa Kinyiha kizito lakini kinachoeleweka. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Teresia alisikia sauti yake mwenyewe ikitetemeka.

"Padri, malipizi uliyonipa mwaka ule wa kwanza yanakwisha kesho. Nimeyashika yote. Nataka nisikie kwa kinywa chako kwamba nimemaliza."

"Mwaka ule wa kwanza?" Padri alikuna ndevu, akacheka taratibu, kicheko cha mtu anayejionea haya. "Mama, wakati ule sikuwa na lugha. Niliogopa maneno yangu yataharibika njiani. Kila aliyeungama kwa mkalimani nilimpa malipizi ya namna moja, mkubwa kwa mdogo. Salamu Maria tatu."

Nje, Anastazia alikuwa akimwita Nesta aje ajaribu gauni lake jeupe.

"Ulizisali?" aliuliza Padri.