Mkono wa Ijumaa

Ijumaa hiyo tena Ilyasi hakumpa mkono.

Swala ilikwisha, watu wakapeana mikono kulia na kushoto kama ilivyo desturi. Mzee Usumani alishikana mkono na wa kulia kwake, kisha akakaa wima, macho mbele, akimngoja wa kushoto. Alingoja mpaka safu ya nyuma ikaanza kuinuka. Wapi! Alichosikia ni Ilyasi akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyechoshwa naye.

Alitoka msikitini nyongo imemjaa, akajigonga bega kwenye mlango, akamlaani fundi aliyeujenga.

Walikuwa wameshona pamoja hapo mtaani Biryogo tangu ujana, cherehani mbili katika chumba kimoja. Mwaka jana Ilyasi akamwambia mbele ya mteja, "Usumani, kanzu ya watu umeiharibu, upande mmoja umeliwa. Uwe unaangalia." Uwe unaangalia! Yeye, ambaye hadi leo hutunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu! Jioni hiyo hiyo aliihamisha cherehani yake, na hawakusemezana tena. Lakini msikitini kila mmoja alikuwa na mahali pake pa siku zote, na kwa ukaidi hakuna aliyekubali kuhama.

Ukweli ambao hakumwambia mtu ni kwamba alimkumbuka Ilyasi hata chai ikawa haina ladha. Mkono tu. Ilyasi angenyoosha mkono, yeye angesahau kanzu, mteja na matusi yote. Ila aanze yeye, aliyeaibishwa? Thubutu!

Jumatatu binti yake, Mutesi, alimjia na habari.

"Papa, madaktari wa macho wako kwa msikiti, wanapima wazee bure. Twende, rwose, nakuomba."

Alikwenda ili asisumbuliwe. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, alikuwa akiwaeleza wazee waliokaa kwenye mabenchi kuhusu glakoma, hiyo presha ya macho. Haiumi, alisema. Huanza kula uoni wa pembeni, polepole, mwaka hadi mwaka, na mwenyewe hajui. Kadiri umri unavyokwenda ndivyo inavyowapata wengi, na wengi huja wakati jicho moja limeshakwenda, wala halirudi.

"Ndugu yako anaweza kukaa ubavuni mwako," alisema, "na usimwone."

Usumani alishtuka. Ilyasi! Kumbe maskini Ilyasi alikuwa hamwoni! Mwaka mzima amemchukia mgonjwa! Furaha na aibu vilimpanda kwa pamoja, akainuka kwa haraka na kuangusha kigoda ambacho mtu asiye na akili alikiweka njiani.

"Papa, bado hujapimwa!"

"Mimi iko na nini? Mwenye ugonjwa namjua."

Angemwendea siku hiyo hiyo, nyumba yenyewe ilikuwa uchochoro wa pili. Lakini akaona bora Ijumaa, pale pale penye safu, mbele ya watu wale wale. Safari hii angegeuka yeye, amshike mkono kwa nguvu na kumwambia twende kwa daktari. Alipiga pasi kanzu yake mapema.

Alhamisi alfajiri Ilyasi akafa, moyo ulisimama usingizini.

Baada ya maziko Usumani aliketi msibani, kwenye mkeka, akilia kama mtoto. Bi Zubeda, dada wa marehemu aliyekuwa akiishi naye, alikuja kukaa kushoto kwake.

"Dada, nisamehe," Usumani alisema akitazama mbele. "Nilimkasirikia bure. Macho yake yalikuwa yamekwisha, hakuwa akiniona pale msikitini."

"Macho ya nani? Ya Ilyasi?" Sauti ya Zubeda ilikuwa kavu. "Ilyasi alikuwa anaona mpaka inzi kwa ukuta. Kila Ijumaa alirudi hapa analalamika, 'Leo tena nimempa Usumani mkono, amekataa hata kuutazama.' Kila Ijumaa, Usumani. Amekufa na hiyo kitu moyoni."

Usumani alijifuta machozi. Alikaza macho mbele, kwenye ukuta.

"Na hii chai je?" Zubeda akauliza. "Utaipokea, ama na mimi utaniacha na mkono hewani?"