Kamba ya Mbwa Sokoni

Katika soko la wanyama, Mbwa hakujua kutembea, alijua mbio tu. Kila Beberu alipodokoa mchicha wa Sungura, Mbwa alimfukuza katikati ya meza, na vifaranga wa Bi Kuku wakaponea chupuchupu kukanyagwa.

Basi Beberu akapeleka shauri kwa Kobe, mwenyekiti wa soko. "Mzee Kobe, huyu mbwa atatuulia watoto. Afungwe kamba!"

Bi Kuku akaunga mkono, maana kwa vifaranga wake hakuwa na mzaha. Kobe akafikiri taratibu, kama ilivyo kawaida yake, kisha akatoa sheria: mbwa asiingie sokoni bila kamba shingoni, na kamba isikose mshikaji.

Mbwa akainamisha kichwa, akavishwa kamba. "Sheria ni sheria," akasema. "Nani atanishika?"

Wote wakatazama pembeni.

"Aliyeiomba kamba ndiye aishike," akasema Sungura.

Beberu akaona amepewa cheo. Kwa kuwa hana mikono, akaibana kamba kwa meno, akamwongoza Mbwa kwa maringo mpaka mbele ya meza ya Sungura. Mchicha ulikuwa mbichi, bado una umande. Beberu akameza mate.

"Usiachie, bwana," Mbwa akamwambia kwa upole, huku akijilaza kivulini. "Ukifungua mdomo tu, mimi niko huru."

Vifaranga wakashinda wakidonoa chini ya meza bila hofu. Beberu naye akashinda amesimama pale pale, machoni mchicha, mdomoni sheria yake mwenyewe.