Chumvi ya Musimbi

Musimbi alikuwa jikoni kwake Langas, akiikata nyama ya ng'ombe vipande na kuipaka chumvi kabla ya kuitundika juu ya moshi. Jumatatu binti yake angeibeba akirudi chuoni Kesses.

Binti, aliyekuwa akimsaidia, akamshika mkono.

"Mama, umejikata."

Musimbi akatazama. Kisu kilikuwa kimekipasua kidole gumba, na chumvi ilikuwa imejaa ndani ya kidonda, imegeuka nyekundu.

"Na hausikii uchungu?"

Musimbi akachota chumvi nyingine, akaisugua palepale kwenye kidonda, akangoja. Hakusikia kitu.

"Inauma," akasema. "Niletee kitambaa kwa nyumba."

Binti alipotoka, Musimbi akakiokota kisu, akaujaribu mkono wa pili kwa ncha yake.