Mwanamke Aliyeomba Juala

Yule mwanamke aliingia dukani, hakununua kitu, akaomba juala.

"Hata moja tu," alimwambia Hibaq kwa sauti ya chini, akiwa ameinamia kaunta. "Yale mepesi ya zamani. Hata likiwa limeshatumika."

Hibaq alimkagua kwa macho. Majuala alikuwa nayo tele, chini ya kaunta, ndani ya debe la maharagwe. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki, kila mwenye duka Shauri Moyo alitakiwa kuuza ya kitambaa. Lakini mteja wa nyanya tatu hataki kununua mfuko unaoshinda nyanya zenyewe kwa bei. Kwa hiyo majuala yaliendelea kutoka kimyakimya, kwa wateja wanaojulikana. Huyu hakujulikana.

"Hapa hatuna, mama. Ni kitambaa tu."

"Kitambaa hakinisaidii," mwanamke alisema, akatoka.

Alivuka njia hadi kwa Hared. Hared alikuwa mzee mpole, asiyejua kumnyima mtu. Alimpa moja.

Kesho yake gari la maafisa wa mazingira lilisimama pale. Maafisa hawakuuliza wala hawakuzunguka. Waliingia kwa Hared moja kwa moja, wakasogeza magunia ya mchele, wakatoa bunda la majuala lililokuwa limefichwa nyuma yake. Mzee alipakiwa garini akiwa na kandambili mguu mmoja. Nyingine ilibaki mlangoni.

"Ni yule mwanamke," alisema Seth, ambaye duka lake lilipakana na la Hared. "Jana amepewa, leo wamekuja. Mnataka nini tena?"

"Lakini alijuaje kwamba yako nyuma ya mchele?" aliuliza Odero, muuza mayai. "Hata mimi sikujua."

"Ana macho, bwana. Kazi yake ni kuangalia."

Hared alifikishwa mahakamani, akarudishwa rumande. Mkewe, Qali, alifunga duka ili ahangaike na kesi, na wateja wakahamia kwa Seth, aliyekuwa karibu. Seth alimpelekea Qali unga na mafuta. Alikuwa na uchungu kuliko wote. Kila jioni, wenye maduka walipokuwa wakifunga, aliwakumbusha kuhusu yule mwanamke, jinsi anavyotembea akiambaa ukuta, jinsi asivyomtazama mtu usoni.

"Anatuuza mmojammoja," alisema. "Mkikaa hivyo, zamu yenu inakuja."

Yule mwanamke alipoonekana tena, akitoka duka hili kuingia lile, hakuna aliyemjibu. Seth aliwazuia wenzake wasimguse pale barabarani.

"Tumfuate kwake," alisema.

Walianza wakiwa wachache: Seth mbele, Odero na nondo, Hibaq nyuma yao. Kufika kati ya zile nyumba za zamani, watu walikuwa wameongezeka, wengi wao wasiojua wanachofuata. Mtu aliokota jiwe. Mwingine alipiga mluzi.

Mwanamke aligeuka mara moja tu. Akakaza mwendo. Kisha akakimbia, akaingia chumba cha mwisho, wakasikia komeo likifungwa.

"Fungua!" Seth aliupiga mlango teke. "Msaliti wewe!"

Komeo liling'oka.

Harufu ndiyo iliyowapokea kwanza. Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameitanua, na nyuma yake kitandani alilala mwanamume aliyekonda mpaka mifupa ikaonekana.

"Nipigeni mimi, nje," alisema. "Mume wangu msimguse."

Shati la mgonjwa lilikuwa wazi. Ubavuni, juu ya tumbo, karatasi ya nailoni ya kufungia mkate ilikuwa imefungwa kwa utepe wa kanga, nayo ilikuwa imepasuka.

"Alipasuliwa," mwanamke alisema. Jina lake, walikuja kujua, lilikuwa Koki. "Choo kinatokea hapo. Mifuko ya hospitali iliisha na hatuna uwezo wa mingine. Hizi za mkate hazidumu. Kitambaa kinavuja. Ningefanya nini?"

Mumewe aliugeuzia ukuta uso wake.

Jiwe lilianguka nje. Odero aliificha nondo nyuma ya mguu, kama mtoto. Hibaq alilia waziwazi.

"Dada, tusamehe," alisema.

Aliyepata nguvu ya kusema zaidi ni Seth. Alilipachika komeo mahali pake, akawageukia wenzake.

"Tumekosea sana," alisema, na sauti yake ilitetemeka. "Kila mtu aende dukani, alete aliyo nayo. Wote tunayo, tusidanganyane."

Wakaenda. Wakarudi na majuala ndani ya vikapu, ndani ya makoti, chini ya buibui. Koki aliyapokea akilia, hajui amshukuru nani kwanza. Seth alisimama kizingitini, akimpa kila mmoja mkono na kumtaja kwa jina.

"Asante, Odero. Umebakiza mengine?"

"Kidogo tu. Chini ya trei za mayai."

"Asante, Hibaq. Na wewe?"

"Yapo kwenye debe la maharagwe," Hibaq alinong'ona. "Akihitaji, nitaleta."

Hakuna aliyeficha siku ile. Waliona haya mno kuficha. Walirudi madukani wakiwa wepesi, wakizungumza kama ndugu, na Odero akasema tangu ahamie Shauri Moyo hajawahi kuona watu wakipendana hivyo.

Jua lilipokuwa likizama, Seth alivuta nusu ya mlango wa duka lake, akatoa simu.

"Ni mimi tena, yule wa Hared," alisema. "Safari hii njooni na gari kubwa."